Mluzi wa Kuka

Leo mwenye duka la dawa hapa Kitale ameniwekea kiganjani betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, ndogo kama punje ya dengu, nami nikamkumbuka Kuka.

Kuka, babu yetu, alikuwa na kifaa kama hicho. Ukisogeza mkono karibu na sikio lake, kilipiga mluzi mwembamba.

Siku tulipomzika kule Misikhu, pasta alimaliza kuomba, wakafunika jeneza. Jeneza likapiga mluzi.

Kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo. Shangazi akapiga nduru, "Woi! Ati yuko hai?" Waliokuwa wameshika kamba wakaziachilia, wakakimbilia migombani. Mimi nilijikojolea nikiwa nimesimama.

"Si mfungue, bana!" baba mdogo akafoka.

"Msifungue," nyanya akasema bila kuinuka kitini. "Ni ile mashine yake ya sikio. Nimemvalisha asubuhi, na betri mpya."

"Ya nini sasa, Mama?"

"Siku ya ufufuo ataitwa jina. Na nyinyi mnajua hasikii."

Waliokimbia wakarudi kushika kamba. Jeneza lilishushwa likipiga mluzi, udongo ukamwagwa polepole, kila mtu ametega sikio, mpaka ikawa ni sisi tusiosikia.