Kalavati la Dada

Ofisi nzima ya ramani ilimwita Vijumba, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuukata mji, ndani ya kompyuta, kuwa vijumba vya mita tano kwa tano, kila kimoja na kimo chake kilichopimwa na setilaiti. Kisha anaunyeshea mvua. Kila kijumba kinatazama jirani zake na kumwagia maji yule aliye chini zaidi, naye anamwagia wa chini yake. Basi, hakuna uchawi wowote hapo.

Safari hii bluu ya maji ilijaa upande wa juu wa barabara, pale pale penye cherehani tatu za dada yake. Na majengo ya bluu yalikuwa yanaingia kwenye orodha ya kuvunjwa, ambayo angeiwasilisha siku ya Ijumaa.

"Yaani umekaa huko unanichorea maji dukani?" dada alifoka kwenye simu. "Tumbo moja, jamani!"

"Ungechimba mfereji kama mimi. Mimi nipo ng'ambo ya barabara, tena kwa chini, na misimu miwili uani kwangu halijaingia hata tone."

"Usinitambie!"

"Haya, dada, punguza moto. Setilaiti inaona barabara kama ukuta, haioni kalavati, lile bomba la kupitisha maji lililo chini yake. Nikilikuta liko wazi, nashusha kimo cha kijumba kile, maji yanapita, unatoka kwenye orodha."

"Si ushushe sasa hivi!"

"Sishushi nisichokiona."

Alhamisi walienda wote wawili kuliangalia. Vijumba alipiga magoti kwenye matope, akamulika tochi. Akakuta mdomo wa kalavati umezibwa kwa zege. Zege safi kabisa, limelainishwa kwa mwiko.

Dada akaanza kuangalia pembeni. "Panya walikuwa wananitafunia vitambaa," alisema. "Mwaka juzi nikamwita fundi azibe tundu lao. Kumbe..."

"Kumbe!" Vijumba alicheka mpaka akakaa chini. Setilaiti ilikuwa imesema kweli tupu. Lakini dada hakucheka, machozi yalimlengalenga. Miaka kumi na minane alikuwa pale. Akavua viatu, akashika mtaimbo, akagonga mpaka jioni huku mdogo wake akizoa vifusi, hadi mwanga ukaonekana upande wa pili.

Ijumaa asubuhi Vijumba alishusha kimo cha kijumba kile, akaunyeshea mji mvua upya. Duka lilibaki kavu. Bluu ikapenya chini ya barabara, ikateremka kichochoroni, ikatanda kwenye ua mmoja mpaka mlangoni. Ua ule aliujua. Ulikuwa na mfereji aliouchimba kwa mikono yake mwenyewe.

Kijumba kimoja tu, akikirudisha kilivyokuwa, nani angejua? Alikitazama kwa muda, chai ikampoa mezani. Kisha akafuta namba ya duka kwenye orodha, akaandika namba ya nyumba yake.

Simu ikaita. "Mdogo wangu, vipi? Nimetoka?"

"Umetoka, dada."

"Alhamdu! Na maji yameenda kwa nani?"

"Kwa aliye chini yako," alisema Vijumba. "Njoo na ule mtaimbo. Tuna mfereji wa kupanua."