Mimi na Kaye ya Geti

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa niliamka kabla ya jua, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikaenda kusimama mbele ya geti la kampuni moja upande wa Kingamyambo. Mke wangu alitoka pamoja nami, beseni la mikate ya kukaanga kichwani, kwa kuwa wateja wake ni sisi tuliosimama pale. Njiani aliniuliza kila mara:

"Tata, leo utaenda kukosa kazi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa nne," nilimjibu, kwa kuwa baada ya saa nne hawachukui mtu tena. Miezi mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba ananitania, na hata sasa sina hakika kama alitania kila siku.

Zamani nilikuwa na kazi. Nilitunza depo ya vipuri vya mashine kwa miaka minane, kisha ikaisha. Niwe wa haki: hawakunifukuza. Mkataba uliandikwa kwamba una mwisho, na mimi nilitia sahihi. Ukurasa wa mwisho niliusoma baadaye.

Ndugu zangu wa kule kaskazini hawakuamini. Walipiga simu: "Weye uko Kolwezi, tena unasema hauna kazi? Malori ya shaba tunayaona hata kwenye simu!" Malori yalikuwepo kweli, yalinipita kila asubuhi na kunijaza vumbi shati zima. Nilijaribu pia kuchimba, wiki mbili, karibu na mgodi wa Mashamba, pamoja na vijana waliotoka pande zote za nchi. Walinipa nafasi na maji ya kunywa, sina la kuwalaumu. Mmoja alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Tata, weye unachimba kama mutu anatafuta pete ya bibi yake." Nikarudi getini.

Pale getini tulikuwa kama watu arobaini, na kila asubuhi ilikuwa kelele ya nani alifika kwanza. Siku moja nilichukua kaye, daftari la shule ambalo binti yangu aliliacha nusu, nikaandika majina ya wote, na langu nikaliweka mwisho ili mtu asiseme nimejipendelea. Kuanzia hapo jina langu likawa Tata ya Kaye. Nilichora mistari: jina, mtaa, kazi unayoijua, amefika, hakufika, anaumwa. Sirena ya kwanza ikilia, ninaita majina. Asiyefika bila kutuma habari, anashuka mwisho. Na aliyefikiwa na zamu, kazi ikaja, naye akanyamaza, anashuka pia. Hiyo sheria ya mwisho niliileta mimi, maana wengine walikuwa wanachagua kazi kama nyanya sokoni. Mlinzi wa geti alizoea kaye yetu. Shefu wa wafanyakazi alipohitaji watu, mlinzi alisema, "Lete ba kwanza." Wapo walioingia kwa mlango mwingine, wanasema kwa sababu ya ndugu. Mimi kwa macho yangu niliona wawili tu.

Malaria iliponilaza siku tatu, kaye nilimwachia fundi mmoja wa matofali, mtu wa mizaha. Aliirudisha ina madoa ya mafuta ya mikate na majina mawili yamekosewa mahali. Niliyasahihisha kimya. Labda ilifaa nimwambie.

Kisha bei ya kobalti ikashuka na geti likanyamaza, miezi na miezi. Tulikuja hivyo hivyo. Mke wangu alisema, "Siku mutapata kazi bote, mi nitauzia nani? Mukae kidogo." Lakini mwaka ule binti yangu alipewa karatasi ya kujaza shuleni, na mahali palipoandikwa kazi ya baba aliandika: Anangojea. Aliiandika kwa mwandiko mzuri niliomfundisha mwenyewe. Nilitafuta kosa la kumwonyesha, sikuliona. Usingizi ulinipotea siku kadhaa.

Mvua zilipoanza, geti likaamka. Walichukuliwa watatu, halafu watano, halafu wengine. Jina langu likapanda, na asubuhi moja likafika juu kabisa. Mke wangu hakunitania siku hiyo. Alifunga mikate miwili katika karatasi, akaniwekea mfukoni. "Ukiwa ndani hautaweza kutoka kuja kununua," akasema, na akatazama pengine.

Shefu wa wafanyakazi alitoka mwenyewe.

"Leo nahitaji mtu mmoja," akasema. "Pwanteri. Nani kati yenu amekwisha kufanya kazi hiyo?"

Pwanteri ni yule anayesimama asubuhi na kuandika nani amefika, nani hakufika, nani anaumwa. Nilifungua kaye. Nilipitisha kidole kwenye mstari wa kazi, jina kwa jina, kutoka juu mpaka chini: dereva, fundi wa kuchomelea, mpishi, fundi wa matofali, mwingine dereva. Juu kabisa, mbele ya jina langu, niliandika tangu siku ya kwanza: mtunza depo. Nikarudia tena ili nisimwonee mtu. Kisha nikasema kwa heshima:

"Shefu, pwanteri hatuna kwenye listi."

Nyuma yangu mke wangu akaita, "Tata!" Nikadhani mikate inamwagika.

"Mi nimefanya, shefu," akasema fundi wa matofali, mkono juu.

"Umefanya wapi?"

"Hapa hapa. Siku tatu."

Watu wakacheka. Shefu akacheka pia. "Siku tatu ni siku tatu. Ingia."

Akaingia. Kabla ya geti kufungwa alinigeukia, lakini uso wake sikuusoma vizuri, kwa hiyo sitasema aliona haya wala hakuona.

Halafu ndipo kelele zilipoanza.

"Tata ya Kaye! Miaka yote hii weye ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa nangojea kazi."

"Eh! Na ile kalamu ya mukononi?"

"Mumuache," mwingine akasema. "Yee ni mutu wa haki. Amejitafuta mu kaye, hakujiona."

Mzee wa kuchomelea akauliza juu ya sheria: aliyefikiwa na zamu akanyamaza? Wengine wakapinga kwamba sikunyamaza, nilisema hatuna. Walibishana mpaka karibu saa nne. Mimi niliona kusema hatuna ni kubaya kuliko kunyamaza. Nikajifuta juu, nikajiandika chini kabisa. Na fundi hakudanganya, siku zake tatu zimo katika kaye, na madoa yake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu alitangulia na beseni mpaka barabara ya lami. Kisha akanyoosha mkono. "Lete ile mikate. Utakulia ndani gani?" Tukaila tukitembea, na yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Jumapili fundi alikuja kwetu na rejista mpya ya kampuni. Hakujua aandike wapi mtu aliyechelewa kwa sababu ya mazishi. Nilimchorea mistari yote. Mke wangu alimwekea bukari, ugali wetu, na samaki, akamwambia, "Kula, tata. Mwalimu wako atakula yake siku utamufungulia geti." Fundi aliahidi kusema na shefu. Kama amesema, sijui.

Lakini niliandika dosie mpya ya kuombea kazi. Mahali pa kazi niliyofanya niliandika: pwanteri, miaka miwili, mbele ya geti. Nikaogopa kuwa ni uongo. Nikawauliza wote waliobaki getini, nao wakatia sahihi nyuma ya karatasi, mmoja mmoja, kwa zamu ya kaye.

"Na mi?" mke wangu akauliza.

"Weye hauko kwenye listi."

"Sababu mi niko na kazi," akasema, na akatia sahihi yake kwa vidole vya mafuta.

Asubuhi iliyofuata, sirena ikalia, nikaita majina kutoka juu. Nilipofika chini kabisa niliita langu. Zamani nilikuwa najipigia alama tu, kimya. Mara hii nikasema "Niko," kwa sauti, na nikainua mkono.