Jalada la Daftari la Hesabu

Mwezi uliopita nilipanda hadi kijijini kwetu, Mbebe, kutafuta karatasi. Ndugu zangu wanaandika historia ya ukoo, na nilitaka humo isomeke kwamba bibi yangu, kabla hajaolewa, alikuwa mwigizaji wa jukwaani kule Tunduma. Baba mdogo, ambaye ndiye mwandishi wetu, alikataa katakata. "Mama alikuwa mkulima. Lete karatasi, nitaandika."

Nilianzia kanisani. Wakanifunulia kitabu cha ndoa, na penye nafasi ya kazi, mbele ya jina lake, pameandikwa: mkulima. Nilicheka kwa uchungu, maana mkulima huyo nilimsikia kwa masikio yangu.

Wewe uliyelelewa na bibi utanielewa. Jioni tukipukuchua mahindi, maharage yakitokota jikoni, alitutolea watu mmoja mmoja kooni mwake: bwana harusi mlevi, karani wa mpakani mwenye maringo, mama mkwe asiyeshiba. Hatukuwa na redio, na wala hatukuitamani. Lakini babu, mzee wa kanisa, akikohoa tu uani, watu wote wale walitoweka, akabaki bibi na gunzi lake. Tukimwuliza alijifunzia wapi, alisema, "Tunduma, kwenye kikundi. Nilivaa hadi viatu vya kisigino. Haya, mahindi hayajipukuchui." Basi, hapati mtu neno la ziada.

Kutoka kanisani nikaenda kufungua sanduku lake la bati, lililobaki nyumbani tangu afariki. Kulikuwa na vitenge viwili, na chini yake daftari langu la hesabu la darasa la tatu. Moyo ukanijaa, nikadhani alitunza alama zangu. Nikafunua: makosa matupu.

Ndipo nikakumbuka jalada. Mwalimu alitaka kila daftari livalishwe, na wenzangu walivalisha yao kwa kurasa za kalenda zenye picha. Kwetu hapakuwa na kalenda. Bibi akachomoa karatasi nene kutoka sanduku hilo hilo, akaikata kwa kisu, akaibandika kwa uji mzito, upande mtupu ukatazama nje. Nililia hadi kamasi kwa sababu langu halikuwa na picha. "Nyamaza," akasema, "picha ipo, imegeukia ndani." Nikaona ananibembeleza tu.

Safari hii nililibandua polepole. Lilikuwa tangazo la mchezo wa kuigiza, Tunduma. Msichana amesimama na viatu vya kisigino, mkono juu, mdomo wazi. Chini lipo jina lake, herufi mbili za mwisho zimekwenda na kisu.

Baba mdogo alilitazama, akafuta macho, kisha akaandika: mkulima na mwigizaji. Nilichokitaka nimekipata. Lakini tangazo halisemi mchezo ulihusu nini, wala pale mdomo ulipofunguka msichana yule alikuwa akitamka neno gani. Aliyejua ni mmoja tu, na nilikaa naye utoto wangu wote, nikimlilia picha.