Somo la Hiari

Jamani, juzi nimeumbuka mbele ya darasa langu hapa Madungu. Tulikuwa tunasoma riwaya ya mji ambao watu wote hunyweshwa dawa wasiweze kutenda uovu. Nikauliza kwa madaha, "Wema wa kulazimishwa si we...?"

"Wema!" darasa likaitikia.

"Binadamu lazima awe na hi...?"

"Hiari!"

Riziki peke yake alinyamaza. Nikamkaripia, "Wewe huna mdomo?"

Akasimama kwa adabu. "Ninao, mwalimu. Ila hujatuuliza sisi twaonaje. Jibu ushatutia mdomoni, kama ile dawa."

Mtoto huyu! Nilimvulia kofia, nikataka na wenzake wamsifu. "Mwenzenu ana akili, si ndi...?"

"Ndiyooo!"

Riziki akaziba mdomo kwa ushungi asicheke.