Maziwa Mepesi ya Bi. Felista

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye maabara ya maziwa mjini Morogoro nikiwa na tai ya kuazima, nikitegemea kukabidhiwa hadubini. Mkuu wa Maabara alinikabidhi brashi ya kuoshea chupa. "Mtaalamu wa maziwa huanzia kwenye karai," alisema. "Chupa chafu hutoa majibu ya uongo, na wewe ndiye utakayeyatia sahihi." Nilisugua chupa mwezi mzima. Nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe mashine ikatoa majibu mtanicheka. Chekeni tu, mimi nimechoka hata kubishana.

Kipimo chetu cha kila siku kilikuwa laktometa, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazito hukiinua, mepesi hukizamisha. Kingine kilikuwa spiriti: unaichanganya na maziwa sawa kwa sawa, yakikatika ujue protini zake zimeyumba na hayatastahimili moto. Protini ndizo zilizokuwa kazi yangu hasa. Watu hupenda mafuta kwa sababu yanaelea juu wakayaona, lakini jibini haiwi jibini bila protini.

Baada ya miaka michache Mkuu alinituma milimani Uluguru, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa cha kikundi kimoja cha wafugaji. Wengi walikuwa wakulima wa mboga, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja bandani. Nilipanda huko mara mbili kwa wiki, na magoti yangu hayajanisamehe.

Asubuhi moja ya kiangazi laktometa ilizama kwenye ndoo ya Bi. Felista, mjane wa maneno machache.

"Mama, unatumia maji?" nilimwuliza.

"Maji lazima, baba. Bila maji, maziwa ya jioni hayalali."

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, nami nilishaamini kijiti changu. Niliandika daftarini: amekiri. Wiki ileile kikundi kilimfukuza, na kabla mvua hazijaanza kila mtu alikuwa akimwita Mama Maji.

Kiangazi kilichofuata laktometa ilizama kwenye ndoo ya katibu wa kikundi. Huyo hakuwa mtu wa kutuhumiwa ovyo, kwa hiyo niliomba ng'ombe wake akamuliwe mbele ya macho yangu. Maziwa yakawa mepesi vilevile. Tuliyapima mjini kiwango chake cha kuganda kwa baridi, kipimo ambacho maji ya kuongezwa hayawezi kukidanganya. Halikuwamo hata tone. Protini ndizo zilizokuwa chini. Majani yalikuwa yamekauka, wafugaji wakawalisha ng'ombe vigogo vya migomba, na mgomba hujaza tumbo tu. Yale maziwa yalikuwa ya ng'ombe mwenye njaa.

Niliporudi na majibu nilipita kwenye kijito, nikaona ndoo zenye vifuniko zimetumbukizwa mpaka shingoni na kuegemezwa mawe. Nilimwuliza katibu ni za nini.

"Maziwa ya jioni, mtaalamu. Tunayaweka kwenye maji ya baridi ili yalale mpaka asubuhi bila kuchachuka. Kwani hukujua?"

Nilikaa juu ya jiwe. Mwanamke yule alikuwa amenieleza namna ya kutunza maziwa, nami nikamwandika mwizi.

Nilimweleza Mkuu kila kitu. "Andika utafiti huo wa malisho na protini," alisema. "Habari za mama huyo ni za kikundi chao." Niliuandika, ukanipandisha cheo. Milimani sikusema neno. Nilijiambia kazi ni nyingi, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Kilakala, hapa Morogoro, na dawa zangu za presha. Nilidhani uchovu ungeisha nikipumzika, kumbe mwingine hauko mwilini. Vijana, kipimo hakisemi uongo, ila hujibu kile tu ulichokiuliza. Mtu ana mengi zaidi ya kukwambia, na kumsikiliza sikuwahi kufundishwa.

Mwezi uliopita nilipanda mlima kwenda kumsafishia jina mjane yule. Nilimkuta binti akichuma maharage.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwa Bi. Felista ni wapi?"

Hakumjua. Alimwuliza mwenzake, naye hakumjua. Nikaeleza: mjane, mtu wa makamo enzi hizo, alifuga ng'ombe mmoja.

"Aah, babu! Si ungesema Mama Maji?"

Nilikuwa nimepanda mlima wote ule ili kulifuta jina hilo, na pumzi zilikuwa zimeniishia.

"Ndiyo," nikasema. "Mama Maji."

Binti alitangulia mpaka uani, akapaza sauti: "Mama Maji! Una mgeni!"

"Abee!" bibi kizee akaitika kutoka ndani, bila kusita hata kidogo.