Soketi Moja ya Nati Zote

Juni 1996 tulimzika ndugu yangu Mwenda, fundi wa magari hapa Maua. Mjane wake, Kanana, alinikabidhi pikapu ya kubebea miraa yake pamoja na soketi za marehemu za kufungulia nati, kila nati na soketi yake. Kuziona tu kuliniumiza.

Mwezi uliofuata, mchuuzi sokoni alinionyesha soketi iliyojaa vijiti vya chuma. Ukiibandika kwenye nati, vijiti vinarudi ndani na kuikumbatia. Ilishika nati za kila saizi, hata ndoano. Nikampa soketi zote za Mwenda, akanipa hiyo moja. Nyumbani niliikongoa baiskeli nzima nikajiona profesa. Kanana sikumwambia.

Juzi tukipeleka miraa Meru, gurudumu likapasuka. Miraa ilikuwa ikinyauka chini ya majani ya ndizi, na mnunuzi hangoji.

"Shemeji, utaweza?" Kanana aliuliza.

"Hii inafungua nati yoyote," nikasema, nikaukanyaga mpini kwa uzito wangu wote.

Kitu kililia ndani. Nilipoitoa, vijiti vilikuwa vimepinda, na nati haijasogea. Kumbe inaweza baiskeli, magurudumu ya gari haiyawezi.

Kanana aliichukua, akaigeuza. "Hii si ya Mwenda. Zake ziko wapi?"

"Nilibadilisha na hii."

Alinitazama kama mtu asiyemjua. Kisha akaingia barabarani, akasimamisha lori.

"Nisaidie soketi ya magurudumu," alimwambia dereva. "Za bwanangu, shemeji huyu amezitoa kwa hiki kidude."