Mikono ya Wageni

Karani anayechukua alama za vidole katika ofisi ya vibali vya ukaazi hamwamuru mtu kuweka mkono kwenye kioo. Huushika mwenyewe, akautikisa kidogo kama anayepepeta unga, mpaka ulegee. Wageni wake ni wataalamu na wenye kampuni, watu waliozoea kubonyeza mambo yakaenda, nao hukandamiza kioo hadi alama zinavurugika. "Legeza, bosi," huwaambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. "Hapa nguvu hazisaidii." Kisha hufuta kioo kwa pindo la shati, ingawa kitambaa kipo.

Siku moja alikuja daktari wa upasuaji, mama wa makamo, ambaye vidole vyake vilisuguliwa kwa sabuni miaka nenda miaka rudi hadi vikawa laini kama kijiko. Mashine ilivikataa mara mbili. Ikikataa ya tatu ombi linafungwa, na hospitali ilishamwambia bila kibali asikanyage chumba cha upasuaji. Karani hakuharakisha. Alimpaka mafuta kidogo, akaufumbata mkono ule viganjani mwake, midomo ikimcheza kama anayeomba dua.

"Kaka, unachukua alama au unaposa?" mtu akauliza kwenye foleni.

"Ningekuwa naposa ningekuja na wazee wangu, si na nyie," akajibu bila kugeuka.

Akaushusha mkono taratibu. Taa ikawa ya kijani. Vidole vinne vimekubaliwa. Daktari akainua mkono afute machozi, karani akaudaka hewani.

"Usiyaguse, mama. Bado kidole gumba."